Migomba Myeupe, Sura Zisizo Majina

Mtu akisimama kwenye mwinuko wowote wa Buhembe, kata hii ya Manispaa ya Bukoba ninamoishi, ataona kijani. Migomba, mibuni chini ya migomba, miti ya kivuli juu yake, na nyuma ya yote ziwa. Mvua haikawii kurudi, na rangi hiyo hudumu karibu mwaka mzima. Sisi watunzi wa huku tumeisifu mpaka sifa zenyewe zimechakaa. Ndiyo maana nilipokutana na kitabu ambamo nchi inayofanana na hii yetu imegeuka rangi ya waridi kuanzia bondeni hadi kileleni, sikuweza kukifunga upesi.

Kitabu hicho kinaitwa Infra, kazi ya Richard Mosse, mpiga picha wa Ayalandi, nacho kilichapishwa na Aperture mwaka 2012. Picha zake zilipigwa kuanzia mwaka 2010 mashariki ya Kongo, katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Yaani kwa majirani zetu, maana kutoka Kagera hadi Goma ni nchi moja tu ya kuvuka, Rwanda. Mwaka 2013 Mosse aliiendeleza kazi hiyo kwa filamu aliyoiita The Enclave, ikaoneshwa kwa viwambo sita katika banda la Ayalandi kwenye maonesho ya sanaa ya Venice, na mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse. Yameandikwa mengi juu yake kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha ya mawasiliano ya Kivu zote mbili, sijapata kusoma uhakiki wowote wa kazi hii. Basi nathubutu kuitoa hukumu yangu mapema, kisha niitetee: Mosse ni mfasiri hodari wa majani na mfasiri dhaifu wa nyuso.

Nasema mfasiri kwa kukusudia. Yafaa nieleze ufundi wenyewe, kwa kuwa wengi hudhani ni hila ya kompyuta. Jicho la binadamu huikoma nuru penye wekundu, kiasi cha nanomita 700. Ng'ambo ya hapo nuru haijaisha. Inaendelea, ila sisi hatuioni, na hiyo ndiyo infraredi. Jani bichi humeza nuru nyekundu na ya buluu ili kujitengenezea chakula, lakini infraredi halina haja nayo. Huitawanya ndani ya seli zake na nafasi za hewa zilizomo, kisha huirudisha nje kwa wingi. Mwaka 1910 mwanafizikia wa Kimarekani, Robert Wood, alichapisha picha za mandhari zilizopigwa kwa nuru hiyo, na ulimwengu ukaona miti myeupe kana kwamba imepakwa chokaa chini ya mbingu nyeusi. Maji nayo huimeza infraredi, hivyo ziwa hutoka jeusi kama wino. Ikipigwa kwa namna hiyo, Buhembe ya adhuhuri isiyo na mawingu ingekuwa na migomba myeupe kando ya ziwa la usiku.

Infraredi hii siyo joto. Kamera inayoona joto la mwili ni chombo kingine kabisa, cha mawimbi marefu zaidi; Mosse mwenyewe alikuja kukitumia baadaye katika filamu yake Incoming, iliyooneshwa London mwaka 2017, akiwarekodi wakimbizi kwa kamera ya kijeshi. Infraredi ya majani iko karibu nasi zaidi. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, bonyeza, na kwa simu nyingi utaona kitaa kikiwaka ambacho jicho lako halikioni. Kamera za dijitali zingeiona nuru hii siku zote, lakini watengenezaji huweka mbele ya kihisi chujio la kuizuia. Wapiga picha wa mandhari huliondoa chujio hilo, wakaweka jingine linalopitisha nuru kuanzia nanomita 720 hivi. Wenye lenzi za zamani huijua pia ile alama nyekundu iliyochorwa pembeni ya kipimo cha umbali: nuru hii hukusanyika mahali tofauti kidogo na nuru ya kawaida, na asiyeisogeza lenzi hupata picha iliyofifia.

Filamu aliyoitumia Mosse iliitwa Aerochrome, ya kampuni ya Kodak. Asili yake ni jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitakiwa filamu ya kuwafichua waliojificha: kitambaa kilichopakwa rangi ya kijani hulidanganya jicho, lakini hakirudishi infraredi kama jani lililo hai, hivyo katika filamu hiyo maficho hujitenga na msitu. Kanuni yake ni ya kupendeza kwa mtu mwenye kazi kama yangu. Kila rangi imehamishwa daraja moja. Infraredi isiyoonekana huandikwa kwa nyekundu. Nyekundu huandikwa kwa kijani. Kijani huandikwa kwa buluu. Na buluu yenyewe, kwa kukosa mahali, huzuiwa mlangoni kwa chujio la njano. Kodak ilitangaza kuiacha filamu hiyo mwaka 2009, na Mosse akafanya kazi kwa mabaki yake.

Sasa, hii ni tafsiri halisi. Ina kanuni, kanuni haivunjwi katikati ya ukurasa, na kilichopotea kinajulikana ni kipi. Ningependa tafsiri nyingi za ushairi ziwe na uaminifu wa namna hiyo. Wanaomlaumu Mosse kwamba ameipaka vita rangi ya pipi wanakosea shabaha. Waridi lile hakulipaka yeye. Limetoka ndani ya majani. Pale penye waridi kali pana jani lenye afya. Pale palipofifia pana udongo, au nyasi zilizokauka, au njia iliyokanyagwa. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipima mimea ya dunia kwa nuru ya ukoo huohuo tangu mwaka 1972. Mkulima wa huku angeisoma picha hiyo kwa makini kuliko mnunuzi wa sanaa wa New York. Mnyauko wa migomba ulipothibitika wilayani Muleba mwaka 2006, tulijifunza kwa uchungu thamani ya kujua mapema ni mgomba upi unaumwa ndani ilhali nje unachekea. Mtu aliyekata na kufukia kibanja kizima kwa mkono wake hawezi kuambiwa kwamba rangi ya jani ni pambo.

Kwa hiyo mandhari za Infra nazikubali bila sharti. Vilima vya malisho vinaviringana kimoja baada ya kingine, vimekatwa kwa mistari ya miti na vijia, na waridi lile linafanya kazi ambayo kijani hakikuweza: linatuzuia kupita. Picha za vilima vya Maziwa Makuu tumeziona nyingi mno katika kalenda na matangazo ya utalii, tukazizoea, na kilichozoewa hakionwi. Mosse ameurudisha ugeni katika kitu kilichochoka. Hapo amefanya kazi ya mshairi.

Nina neno dogo juu ya majina aliyozipa picha hizo, maana hapo ufa wa kwanza unajitokeza. Mojawapo ya mandhari mashuhuri kitabuni, ya mwaka 2011, inaitwa Men of Good Fortune. Hayo ni maneno ya wimbo wa Lou Reed wa mwaka 1973. Nyingine inaitwa Vintage Violence, jina la albamu ya John Cale. Nimejaribu kuyafasiri. La kwanza lingeweza kuwa Waliojaliwa, na lingekuwa kejeli nzuri kwa vilima ambako watu wamefukuzana kwa miaka kwa sababu ya ardhi. Lakini kejeli hiyo anaelekezewa nani? Mwenyeji wa vilima vile hana sahani ya Lou Reed. Kilima kina jina, kijiji kina jina, mto una jina. Chini ya picha limewekwa jina la wimbo, na mahali pametajwa kwa upana wa mkoa. Ni kama mfasiri aliyeyatoa majina ya mahali katika utenzi wa watu na kutia ya kwao, kisha akasema mizani imetimia.

Nikiwa mandhari, hilo ningelisamehe. Kwa mtu silisamehi.

Tuzitazame basi picha za sura. Mpiganaji anasimama mbele ya majani, bunduki begani, anaikabili kamera. Majani yanapiga kelele kwa wekundu wake; uso uko pale katikati, kimya. Kanuni iliyokuwa na mengi ya kusema juu ya jani haina la kusema juu ya mtu. Haimwambii mtazamaji kama amekula, kama anaogopa, kama amezaa, ametoka kijiji gani. Macho yetu huanza kwenye rangi, hurudi kwenye rangi, na mtu anageuka kuwa kijiti cha kutundikia rangi. Ipo picha ya mwaka 2010 iitwayo General Février, na hapo angalau cheo na jina vimeandikwa. Lakini jina lenyewe ni mwezi wa Februari kwa Kifaransa, na linasikika kama barakoa juu ya uso. Wengine wengi hawakupata hata mwezi.

Najua utetezi wake. Atasemwa kuwa wapiganaji hao wangeweza kudhurika kwa kutajwa. Huenda. Atasemwa pia kwamba vita vyenyewe vilikuwa vimesahauliwa, na rangi iliyataka macho ya dunia yageuke. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria mwaka 2008 kuwa watu milioni 5.4 walikufa Kongo tangu mwaka 1998 kwa vita na matokeo yake; wataalamu wengine wameipinga hesabu hiyo, lakini hakuna anayebisha kwamba vifo vilikuwa vingi na usikivu ulikuwa mdogo. Nakubali. Hata hivyo kuyageuza macho ni nusu ya kazi. Yakishageuka, yaone nani? Swali la kuuliza jina lina maneno mawili tu, na maneno hayo hayahitaji mkalimani toka Lamu hadi Masisi: Unaitwa nani?

Nisionekane kumwandama Mwayalandi peke yake. Mkoa wetu wa Kagera una historia yake ya nyuso zisizo majina, na ile haikuwa na waridi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa ghafla. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025, alipiga picha pale kwa filamu nyeusi na nyeupe, moshi na mahema na umati hadi upeo wa macho. Ni picha kubwa; sijui nani aliyepiga zinazozidi. Lakini Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya kutazama maumivu ya wengine, alimlaumu kwa jambo hilihili: wanyonge wake hawatajwi majina, na kwa hivyo majina huwa haki ya watu mashuhuri, ilhali wengine hubaki mifano ya kazi yao, kabila lao, au taabu yao. Hoja hiyo nimeipima kwa miaka, na kila nikiipima nayaona mahema ya Benaco.

Kwa nini mtu wa Bukoba alikazanie sana jina chini ya picha? Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, mwaka 1983. Baada ya hapo, kwa miaka, watoto wengi wa vijiji vya Bukoba na Muleba walikua na picha badala ya mzazi. Picha moja, mara nyingi: mtu amesimama wima, suruali ya bugaluu, nyuma yake pazia la studio. Nimeziona picha hizo zimegeuzwa upande wa nyuma mara nyingi kuliko upande wa mbele, kwa kuwa nyuma ndiko kulikoandikwa jina, na mwaka, na pengine "kwa kumbukumbu" kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili mama alipofariki hawezi kuutambua uso. Anaoneshwa jina, kisha uso unakuwa wa mama. Mtu anayeniambia kwamba sura njema inajitosheleza bila maandishi, namwomba afike huku.

Pana kishawishi kingine cha infraredi katika picha za sura, nacho kinawahusu vijana wetu wenye kamera zaidi kuliko Mosse, maana ni cha picha nyeusi na nyeupe. Kwa nuru hii melanini ya ngozi humeza kidogo sana. Ngozi nyeusi na ngozi nyeupe hukaribiana, na zote hutoka laini, zimepauka, hazina chunusi wala kovu. Hata nguo nyeusi, kwa kutegemea rangi iliyotumika kiwandani, huweza kutoka kijivu hafifu. Mwenye haraka ataita uzuri. Mimi nauita mkorogo wa kamera. Tukumbuke tumetoka wapi: filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na katika picha za harusi sura zetu zikatoka meno na macho tu. Mtafiti Lorna Roth ameeleza kwamba miongoni mwa walioisukuma kampuni irekebishe filamu zake walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane. Miti na peremende zilisikilizwa. Mafundi wetu wa studio walijifunza wenyewe kuongeza taa na kufungua lenzi mpaka shavu jeusi likatoka na mng'ao wake. Kuutupa ujuzi huo kwa chujio moja ni hasara.

Je, basi nasema picha ya mtu isitiwe ubunifu? La hasha. Ninyi wa visiwani na pwani mna ushahidi bora wa kunikanusha kama ningesema hivyo. Omar Said Bakor, katika Bakor Studio yake pale Lamu, alikata picha za wateja na kuziunga upya, akawaweka penye maua na mahali ambapo hawakupata kukanyaga. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliwasimamisha abiria mbele ya mandhari ya kuchorwa, wakawapa meli na ndege na majumba. Uongo mtupu, ukipenda, na wa wazi kuliko waridi la Mosse. Lakini uongo huo uliagizwa na mwenye sura. Aliingia mwenyewe, akalipa, akachagua ua au meli, akarudi kuchukua picha yake, akamtumia mchumba au mama. Ubunifu ulikuwa na mtu wa kumjibu. Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, alimpiga picha Sultani na alimpiga picha mtu wa mtaani, na wote wawili walikuwa wateja.

Katika Infra uhusiano huo haupo. Wapiganaji wengine, ni kweli, wamejipanga wenyewe kwa fahari. Kidevu juu, miwani, kofia imekaa upande. Walijua wanapigwa picha. Hawakujua kwamba wanapigwa kwa filamu itakayoyafanya mavazi yao ya kujifichia kuwa na rangi ya gauni la harusi, na picha hizo zilikwenda kutundikwa mbali. Laiti mmoja wao angeletewa nakala yake na kuulizwa, kisha jibu lake likachapwa ukurasa wa pili, kitabu hiki kingekuwa kingine.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nuru hiyohiyo inajua sana kumtambua mtu. Mashine za kusoma mboni ya jicho hutumia infraredi, kwa kuwa chini yake hata jicho la kahawia iliyoiva huonesha nyuzi zake zote. UNHCR ilizitumia tangu mwaka 2002 kwa Waafghani waliokuwa wakirejea kwao kutoka Pakistan, ili asiyestahili asichukue msaada mara mbili. Mashine ilijua kwamba huyu amekwisha kupita hapa. Kuitwa jina si shughuli yake.

Kazi ya karibuni ya Mosse, Broken Spectre ya mwaka 2022, aliipiga katika msitu wa Amazoni, kwa vyombo vya namna mbalimbali, filamu nyeusi na nyeupe ya infraredi ikiwamo. Mimi nimeona vipande vyake tu, na maelezo ya walioiona yote. Majani yapo, moto upo, ng'ombe wapo. Kisha mwanamke kijana wa Kiyanomami anaikabili kamera na kusema kwa hasira, kwa muda mrefu. Anawaambia weupe waliomjia na vyombo vyao wasimwache aseme bure. Hakuna rangi inayomfunika, hakuna wimbo wa watu wengine juu ya kichwa chake, na mpiga picha hakumkata. Anaitwa Adneia. Imemchukua Mosse miaka 12 tangu Kivu kufika hapo, na ningetamani arudi Masisi na sikio hilo, kama vita vitamruhusu. Goma ilitekwa tena na M23 Januari 2025, na wengi wa watu wale aliowapiga picha wakiwa vijana, walio hai, sasa ni watu wazima wanaoweza kuulizwa.